Viputo Vinavyogoma Kutoka: Jaribio la Glasi Mbili

Haya jamani, karibuni jikoni kwetu hapa Ngamiani, Tanga. Leo andaa glasi mbili, tone la mafuta ya nazi, na chupa ya maji ya bomba iliyolala kwenye friji.

Osha glasi zote kwa sabuni, suuza mpaka utelezi uishe. Chovya kidole kwenye mafuta, chora mstari mmoja ndani ya glasi moja tu, halafu ufute kwa kitambaa kikavu. Futa kweli kweli. Tunataka utando, siyo mchuzi.

Tikisa chupa, mimina taratibu kwenye glasi zote, ziache mezani. Maji ya baridi hubeba hewa nyingi kuliko ya moto, na kwa joto letu hili hayakawii kupata uvuguvugu. Hewa iliyozidi inatafuta pa kushika. Baada ya nusu saa hivi, mulika tochi ya simu kwa ubavuni, sogeza jicho.

Umeona? Viputo vimejazana pale penye mafuta. Sukuma kimoja kwa kijiti cha meno, polepole. Tumbo linainama, unyayo haubanduki. Hapo ndipo penye utamu.

Maana vipo vidogo zaidi, vya kimo cha nanometa 10 hadi 100, na milimita moja ni nanometa 1,000,000. Watafiti walivipiga picha mwaka 2000 kwa hadubini yenye kisindano kinachopapasa uso wa kitu. Ikawa mtihani! Kwa hesabu ya wanasayansi Epstein na Plesset ya mwaka 1950, kiputo kikizidi udogo, shinikizo la ndani linapanda na hewa inasukumwa nje. Chenye nusu kipenyo cha nanometa 100 majini kina shinikizo la ziada kama mara 14 ya lile la hewa tunayovuta. Kingepaswa kuyeyuka kufumba na kufumbua; waja leo waondoka leo, kama tusemavyo Tanga. Lakini vya ukutani hukaa saa kadhaa, hata siku.

Siri ni unyayo ule ule. Ukingo umenasa, kwa hiyo hewa ikivuja kiputo kinalala bapa badala ya kusinyaa. Kikilala, mbinuko unapungua, shinikizo linashuka, uvujaji unatulia. Watafiti Lohse na Zhang walitoa hesabu hiyo mwaka 2015, wakiwa na sharti moja: maji yawe yameshiba hewa kupita kiasi.

Sharti hilo lijaribu kwa macho. Chemsha maji dakika 10, funika yapoe bila kutikiswa, uyateremshe kwenye ukuta wa glasi yenye mstari. Usiyamwage kutoka juu, utayarudishia hewa. Safari hii mstari utabaki karibu mtupu.