Picha Iliyokatwa Mguu

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja na joto hili, na feni yenyewe ni moja.

Leo tunazungumzia kazi zetu za sanaa zinazoibiwa mtandaoni. Nianze na picha yangu. Alfajiri moja kule Likoni nilimpiga picha nahodha akisukuma ngalawa, mguu mmoja majini. Jina langu nikaliandika kwenye kona ya chini. Baada ya miezi kadhaa naikuta kwenye tangazo la hoteli moja. Wameikata chini ili jina litoke, na mguu wa nahodha umeondoka nalo! Nikapiga simu. Kijana wa matangazo ananiambia, "Lakini mzee, sisi tumeitoa mtandaoni." Utadhani mtandao ni mwembe wa njiani, kila apitaye achume.

Nikawapelekea faili ya kwanza, vile ilivyotoka kwenye kamera. Mguu upo. Hapo sauti ikabadilika, malipo yakazungumzwa.

Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haimlazimishi mtu kujisajili ndipo kazi iwe yake. Ukishaitunga, ukaiandika au ukairekodi, ni yako. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi, na ushahidi ndio tunaoukosa. Wimbo uko kwenye kompyuta ya produsa, produsa amehama, na wewe umebaki na nakala uliyotumiwa kwa WhatsApp.

Wazee wetu hawakuwa wazembe hivyo. Katika tenzi, mtunzi alijitaja kwenye beti za mwisho, pengine akatia na tarehe. Hebu umtoe bila kuharibu vina! Na mama zetu hapa, kanga ya Mtaa wa Biashara, Mombasa, mkiitazama pembeni mtasoma "Mali ya Abdulla". Ile si mapambo, ni alama ya mwenye kazi.

Haya, kazi imeibiwa, ushahidi unao. Marekebisho ya 2019 ya sheria hiyo yanakuruhusu kumwandikia mtoa huduma wa intaneti notisi ya kuiondoa. Iwe na jina na anwani yako, saini, haki iliyovunjwa, linki yenyewe, pamoja na hati ya kiapo. Notisi ikiwa sahihi, na aliyeiweka kazi hiyo asipoleta pingamizi, mtoa huduma ana saa 48 za kazi kuifunga. Ila msiitumie kumkomoa mwenzenu mliyegombana naye: notisi ya uongo ni kosa la jinai. YouTube na Facebook wana fomu zao, zinazofuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998; zijazeni wenyewe, msimlipe mtu.

Kabla ya yote hayo, piga skrinshoti inayoonyesha linki na tarehe. Usianze kwa kumtukana mwizi hadharani. Ataifuta usiku huohuo, nawe utabaki na matusi yako.

Sasa, nani hapa anajua faili asili ya kazi yake ya kwanza iko wapi? Inueni mikono.

Watatu. Basi nyinyi wengine toeni simu, tuanze kutafuta.