Nani Anaweza Kumwondoa Mtawala? Ufalme na Demokrasia katika EVE Online

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi, asanteni kwa kufika. Mada niliyopewa ni ufalme na demokrasia katika michezo ya kompyuta ya kubuni ya kisayansi. Ni mada pana, kwa hiyo nitaibana kwenye mchezo mmoja tu: EVE Online, mchezo wa meli za angani unaochezwa na watu wengi pamoja kupitia mtandao, uliotolewa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake zimo tawala za aina mbili. Zipo zilizotungwa na waandishi wa mchezo, na zipo ambazo wachezaji wamejijengea wenyewe bila kuelekezwa na mtu. Watu wengi huzichanganya, na wakishazichanganya hutoka na funzo baya, kwamba eti mchezo umethibitisha kuwa mtawala mmoja anafaa kuliko kura. Mimi sikubaliani nao, na leo nitaeleza kwa nini.

Tuanze na zilizotungwa. Kwenye hadithi ya mchezo kuna dola nne kubwa. Milki ya Amarr ni ufalme wa kidini unaomiliki watumwa. Shirikisho la Gallente lina rais na Seneti, na hupiga kura. Caldari huendeshwa na makampuni makubwa manane, nami hao nitawagusa kidogo tu. Jamhuri ya Minmatar ni ya watu waliokuwa watumwa wa Amarr, wakaasi wakajikomboa.

Ukisikia hivyo utadhani mwandishi ameshakuamulia mbaya ni nani na mwema ni nani. Sivyo. Katika hadithi hiyo, Caldari walikuwa ndani ya Shirikisho, wakajitenga. Waasi wao wakapasua kuba la Nouvelle Rouvenor, mji wa Wagallente uliojengwa chini ya maji kwenye sayari ya Caldari Prime, na watu kwa maelfu wakafa. Hasira ikapanda kwa Wagallente, wenye msimamo mkali wakashika serikali, na serikali hiyo ikaamuru sayari hiyo ipigwe mabomu kutoka angani. Waliotoa amri hiyo walikuwa serikali ya dola ya wapiga kura, si mfalme. Ninaitaja habari hii kila ninapozungumzia mchezo huu, kwa kuwa inaonyesha wazi kwamba wingi wa kura haumlindi aliye mchache. Kinachomlinda ni sheria ambayo hata wengi hawaruhusiwi kuivunja.

Sasa tutazame Amarr kwa karibu. Kiti cha enzi hakirithiwi na mtoto wa mfalme. Zipo nyumba tano za kifalme: Ardishapur, Kador, Kor-Azor, Sarum na Tash-Murkon. Mfalme akifa, warithi wa nyumba hizo hushindana kupitia mabingwa wanaopigana kwa niaba yao, na desturi ya kale iliwataka walioshindwa wajiue, ili asibaki mdai wa kiti. Ni desturi ya kikatili, lakini inajibu swali ambalo kila ufalme hulikabili: utazuiaje vita vya ndugu baada ya msiba? Jamyl Sarum alishindwa, akahesabiwa amekufa, kisha mwaka 2008 akarudi na kutawala. Tazameni jambo moja alilolifanya: aliwaacha huru watumwa wa kizazi cha tisa na kuendelea. Kwa amri moja, siku moja, bila mjadala wa bunge. Lakini aliyeachwa huru kwa hisani ya malkia anaweza kurudishwa utumwani kwa hasira ya malkia mwingine, na wale wa kizazi cha nane walibaki palepale walipokuwa.

Jamyl aliuawa kwenye hadithi mwaka 2015. Mwaka uliofuata kampuni ya CCP iliwaachia wachezaji halisi wawe mabingwa wa nyumba za kifalme katika mashindano, na timu ya Catiz Tash-Murkon ikashinda. Nyumba ya Tash-Murkon asili yake ni Waudoria, si damu ya Amarr. Basi ufalme unaojivunia damu ukapata malkia wa asili ya kigeni, kwa mikono ya watu waliokaa nyumbani kwao mbele ya kompyuta.

Minmatar nao wana la kutufundisha, japo kwa ufupi. Walipojikomboa walichukua mtindo wa bunge la Gallente. Haukushika mizizi. Baada ya machafuko ya 2008 uongozi ulirudi kwenye baraza la makabila, chini ya Maleatu Shakor.

Tuje kwa wachezaji. Nje ya maeneo ya hizo dola nne kuna anga pana lisilo na serikali. Humo wachezaji huunda makampuni, yaani vikundi vyao ndani ya mchezo, makampuni yakaunda miungano, na miungano ikateka mifumo ya nyota. Karibu miungano yote mikubwa inaongozwa na mtu mmoja, au na kikundi kidogo kinachomzunguka. Kwa nini, wakati wengi wa wachezaji hao wanatoka kwenye nchi zinazopiga kura?

Sababu ya kwanza ni vita. Mamia ya watu wako kwenye chaneli moja ya sauti, na kamanda anataja jina la meli moja; wote waipige hiyo, sekunde hiyohiyo. Hapo hakuna nafasi ya mjadala. Sababu ya pili ni majasusi. Kila muungano unao wa adui zake, na mpango ukijadiliwa na elfu moja umeshamfikia adui. Sababu ya tatu wengi huisahau: mchezo wenyewe umeumbwa hivyo. Muungano una kampuni moja yenye mamlaka ya mwisho, na anayeishika kampuni hiyo anaweza kuuvunja muungano wote kwa kubonyeza tu.

Hilo lilitokea kweli. Februari 2009, Band of Brothers ulikuwa miongoni mwa miungano iliyoogopwa kuliko yote. Mmoja wa wakurugenzi wake aliyekuwa na mamlaka hayo akahamia kwa maadui, Goonswarm, na kabla ya kuondoka akauvunja. Umiliki wa mifumo yao ukaanguka pamoja na jina lao. Jeshi lilikuwepo, meli zilikuwepo, hazikusaidia kitu.

Hata hivyo wachezaji wanaendelea kukubali wafalme, nami nawaelewa. Ukiuawa kwenye EVE unaamka kwenye kloni, yaani nakala ya mwili wako. Kiongozi akikuudhi, unatoka kwenye kampuni yake na kuhamia kwa jirani, na ujuzi wa mhusika wako unakwenda nao. Wakiondoka wengi, mfalme anabaki na ramani tupu. Kwa hiyo hulazimika kuwabembeleza watu wake, kuwafidia meli zilizopotea vitani na kuwatafutia vita vya kufurahisha. Mtumwa wa Amarr kwenye hadithi hana pa kwenda, na raia wa nchi halisi ana shamba, wazazi, watoto na mwili mmoja tu. Ndiyo maana nasema ukiondoa uhuru wa kuhama, hoja yote ya ufanisi wa mtawala mmoja inaporomoka.

Juu ya wafalme hao wote kuna mwenye enzi wa kweli, nayo ni kampuni ya CCP. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mfanyakazi wake alikuwa ameipa nafasi ya upendeleo kampuni ya wachezaji wa Band of Brothers. Wachezaji walichachamaa. Mwaka 2008 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa baraza la wachezaji, CSM, ambalo wajumbe wake hukutana na kampuni huko Reykjavik. Baraza hilo hushauri tu, haliamui. Lakini katikati ya 2011, kampuni ilipoanza kuuza mapambo ya mavazi kwa bei ya juu, likiwemo lile monokli (miwani ya jicho moja) maarufu la dola zaidi ya 60, wachezaji walijaa Jita, soko kuu la mchezo, wakaanza kuupiga risasi mnara uliopo pale. Wengine walifuta akaunti. Baraza likaitwa Iceland kwa kikao cha dharura, na Oktoba mkurugenzi mkuu akaomba radhi hadharani. Kuhama na kura vilifanya kazi pamoja. Kimoja peke yake sidhani kingetosha.

Niseme pia kasoro inayonikera. Kwenye uchaguzi wa CSM kura hufuata akaunti, si mtu. Mwenye akaunti tano anapiga mara tano. Na miungano mikubwa huwatolea wafuasi wao orodha ya majina kwa mpangilio, wayaingize hivyohivyo, ili wakuu wa miungano wapeleke watu wao barazani. Mchezaji mdogo, asiye na muungano, anaweza kumaliza miaka bila mjumbe anayemsemea. Ningependa maswali yenu yaanzie hapo: ni kanuni gani ya uchaguzi ingempa mchezaji huyo kiti?