Akipotea teja, nani anaanza kumtafuta?

(Mhadhara kwa wakazi na viongozi wa mtaa, Temeke, Dar es Salaam)

Shikamooni wazazi wangu. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi. Asante mwenyekiti kwa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie habari za dada yetu ambaye mpaka leo hajulikani alipo. Jina lake silitaji, familia imeomba hivyo. Wengi mnamfahamu. Aliingia kwenye unga, yaani heroini, akiwa msichana, akawa teja, akaacha, akarudia, akaanza methadoni, ile dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga, akakatisha, akaanza tena. Akiwa na nafuu alikuwa anauza karanga stendi. Siku moja hakuonekana, na zikapita wiki kadhaa ndipo jina lake likaandikwa polisi.

Sababu ni kwamba kila mtu alikuwa na jibu lake mfukoni. Nyumbani walisema ni kawaida yake, atarudi akiishiwa. Majirani wakasema kakamatwa. Ndugu walipofika kituoni, askari wa zamu akauliza, "Si anakula unga huyo?" Kisha akawaambia wakamtafute kwa mateja wenzake. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, waliipata siku nyingine, mjumbe alipofuatana nao.

Mimi ni mwelimishaji rika, kazi yangu ni kuzunguka maskani, vijiwe wanapokaa mateja. Nawaomba mlichukue hili moja mwende nalo: mtu wa unga hapotei hovyo. Ana ratiba kali kuliko karani wa benki. Akikaa saa 6 hadi 12 bila kupata, arosto, mateso ya kukosa unga, inaanza: miayo, machozi, makamasi, tumbo linaharisha, mifupa inauma hadi hawezi kulala. Kwa hiyo asubuhi atakuwa pale anapojua kete, kile kipakiti cha unga, ipo, na jioni atakuwa palepale. Huyo si mtu wa kupanda basi kimyakimya kwenda kwa shangazi Morogoro akakaa wiki mbili. Wenzake wakisema, "Leo siku ya pili hatumwoni," jambo limeshaharibika, na mtu mzima anapaswa kuinuka siku hiyohiyo.

Kwenye methadoni ndiyo kabisa. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata. Mteja ambaye hajaruhusiwa kwenda na dozi nyumbani anafika kila siku, anakunywa mbele ya mhudumu, anaandikwa. Akikosa siku kadhaa mfululizo hapewi dozi ileile aliyoiacha, maana mwili umeshaizoea hali ya kuikosa na dozi ile inaweza kumuua. Anaonwa upya kwanza. Ina maana hospitalini kuna kumbukumbu ya tarehe. Familia ya dada yetu ilitaja siku ya mwisho kumwona ikapishana na siku yake ya mwisho dirishani, pale wanapotolea methadoni, kwa zaidi ya wiki nzima. Wiki nzima, jamani! Waliokuwa wakimtafuta walikuwa wanauliza watu habari za siku ambazo hakuwepo tena. Siri ya mgonjwa naiheshimu na itabaki siri, lakini polisi wana utaratibu wa kuomba taarifa kama hiyo. Hakuna aliyeiomba.

Wanawake pale dirishani ni wachache mno, wanaume ndio wamejaa. Mwanamke anajificha zaidi, anaogopa kunyang'anywa watoto, au mwanaume anayempa kete ndiye anayemzuia asiende. Lakini wenyewe kwa wenyewe wanajuana. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti waliandika kwamba hapahapa Dar kuna wanawake waliokuwa wakijidunga, kisha wakavuta damu yao kwenye bomba na kumpa mwenzao asiye na hela, apunguze arosto. Ni hatari kubwa ya UKIMWI, na ninaipinga kwa nguvu zote. Ila mtu anayekupa damu yake atakosa kujua kwamba leo hujaja?

Halafu lile tangazo. Familia ilibandika picha ya kwenye sendofu ya ndugu yao: mashavu yamejaa, poda, nywele zimesukwa vizuri. Nikaipeleka maskani, wakaniuliza huyu nani. Nilipotaja jina la utani wakadakia, "Aah, yule mwenye kovu la maji ya moto mkononi, anachechemea kidogo!" Kovu halikuwemo kwenye tangazo, wala kuchechemea, wala hilo jina la utani, na ndilo pekee wanalomjua nalo. Aibu ya familia naielewa sana. Lakini anayetafutwa ni huyu wa sasa.

Mkienda hospitali, Amana, Mwananyamala, Temeke, Muhimbili na pale MOI, taasisi ya mifupa, msiulize jina tu. Ulizeni waliopokelewa bila jina, wodini na mochwari. Gerezani Segerea ulizeni mahabusu ya wanawake. Nyumba za kuacha dawa za Kigamboni na Bagamoyo mzipigie simu.

Ninachomwomba mtendaji wetu leo ni namba moja ya simu, ya mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambayo vijana wa maskani wanaweza kuipiga bila kuulizwa kwanza wao wanakula nini. Wakiogopa kupiga, wanipigie mimi, nitakwenda kituoni mwenyewe. Dada yetu jalada lake liko wazi, na tangazo jipya lenye kovu na jina la utani liko mezani hapa mlangoni. Chukueni mkabandike stendi, sokoni na kwenye magesti, kisha tuendelee na maswali.