Kitabu Kimoja cha Mapishi, Kipi?

SHEE: Assalamu alaykum wasikilizaji. Tuko Langoni, Lamu, ghorofa ya juu, madirisha yote wazi kwa ajili ya joto, kwa hivyo mkisikia punda msishtuke. Niko na Bi Fatma kama kawaida.

FATMA: Waalaykum salaam. Huyo punda nimempita mlangoni, leo ana mori.

SHEE: Swali la leo ni la kijana wetu wa hapa hapa, amepata kazi Eldoret. Amechoka na chipsi mayai. Ana pesa ya kitabu kimoja cha mapishi, kikubwa, chenye kila kitu. Anunue kipi?

FATMA: Asikimbilie jina. Aingie dukani, akifungue, atafute chakula anachokijua yeye mwenyewe. Kama ni wali wa nazi, asome wali wa nazi. Kikisema "tia nazi" halafu kikaendelea na safari yake, akirudishe rafuni. Tui la pili ndilo linaloivisha mchele, tui zito hungoja mwisho. Mwandishi asiyejua hilo, utamwamini vipi kwenye kitu usichokijua wewe?

SHEE: Na kama ni kitabu cha Kizungu, wali wa nazi hamna?

FATMA: Asome vitunguu. Wallahi, vitunguu vinafichua waongo. Kitabu kinakwambia kaanga dakika 5 mpaka viwe hudhurungi. Dakika 5! Mimi vya biriani nasimama navyo dakika 20 na zaidi, na jasho linanitoka. Aliyepika kweli hakupi saa peke yake. Atakwambia vitaanza kulainika, vitang'aa, halafu pembeni vitaanza kushika rangi, hapo punguza moto. Anakupa cha kutazama na cha kunusa.

SHEE: Mimi langu kubwa ni vipimo. Naomba nikiri jambo hewani.

FATMA: La oveni?

SHEE: La oveni. Nilipata maelezo ya keki, yakasema weka moto 350. Oveni ya nyumbani mwisho wake 250. Nikasema basi, hii yetu ni dhaifu, nikazungusha mpaka ikagoma. Keki ilitoka nje ni makaa, ndani ni uji.

FATMA: Kumbe ni Farenihaiti.

SHEE: Ndiyo, 350 ya Farenihaiti ni kama 180 kwa selsiasi zetu. Kitabu chenyewe hakikusema popote, kiliandikwa na Mmarekani kwa Wamarekani. Na vikombe ni hivyo hivyo.

FATMA: Ah, vikombe! Shangazi yangu aliposikia "vikombe viwili vya unga" alichukua kikombe cha kahawa tungu. Kwani hapa ukisema kikombe, mtu afikirie nini?

SHEE: Cha Marekani kinakaribia mililita 240. Vya kupimia vinavyouzwa madukani kwetu vingi ni 250. Hiyo tofauti ndogo haikuui. Kinachoua ni unga wenyewe: ukichota kwa kikombe moja kwa moja mfukoni unashindiliwa, unaweza kufika gramu 150. Ukiumimina kwa kijiko, 120 hivi. Kikombe ni kile kile. Ndiyo maana mimi kitabu kisichoandika gramu kwa vitu vya kuoka sikinunui. Hata kijiko cha chakula, Australia ni mililita 20, kwingine 15.

FATMA: Na huyu kijana asisahau yuko juu milimani. Hapa kwetu baharini maji yanachemka kwa 100.

SHEE: Eldoret iko kama mita 2,100, huko yanachemka kwenye 93 hivi. Ataona maji yanatokota na maharage hayaivi.

FATMA: Atadhani amerogwa! Kitabu kamili lazima kiwe na ukurasa wa mambo hayo. Kama hakina, basi ni picha tu za kupendeza. Na picha nazo, mimi sizichukii, lakini zile karatasi za kung'aa, kwa unyevu wa Lamu, mwaka mmoja kurasa zimegandana. Angalia pia kama kimeshonwa au kimetiwa gundi tu. Cha gundi, ukikifungua mara kumi kwenye supu kinaachia.

SHEE: Sasa majina. Watu watatuuliza.

FATMA: Sema wewe, wewe ndiye msomaji.

SHEE: Kile kikubwa cha Marekani, Joy of Cooking, kina historia ninayoipenda. Irma Rombauer, mjane wa St. Louis, alilipia mwenyewe uchapishaji wa nakala 3,000 mwaka 1931. Hakuwa mpishi wa hoteli. Mpaka leo kiko kwenye ukoo, toleo la 2019 limefanywa na kitukuu chake na mkewe. Uzuri wake ni kwamba mahitaji hayakai peke yao juu, yanatajwa pale pale kazi inapofika. Na kina sehemu nzima za kukueleza vitu vyenyewe, siagi ni nini, unga ni nini.

FATMA: Lakini ni Farenihaiti na vikombe.

SHEE: Ni Farenihaiti na vikombe, ila toleo hilo la 2019 limeandika gramu pia kwa vitu vya kuoka. Abandike karatasi ya vipimo ndani ya jalada.

FATMA: Na umaarufu usimbabaishe. Si ulinisomea yule Mwingereza?

SHEE: Bibi Beeton. Kitabu chake ni cha 1861, kilikaa majumbani mwa Waingereza vizazi na vizazi. Alifariki ana miaka 28, na mapishi mengi aliyakusanya kutoka kwa wengine. Anachemsha makaroni zaidi ya saa nzima.

FATMA: Hayo si makaroni, ni gundi ya kubandikia hicho kitabu!

SHEE: [anacheka] Mimi nikikishika kitabu naanzia nyuma, kwenye faharasa. Nimetoka sokoni na pweza, natafuta "pweza". Nina boga linaloelekea kuharibika, natafuta "boga". Kitabu kinachokutaka ujue kwanza jina la pishi la Kifaransa ndipo ukipate hakinifai saa kumi na mbili jioni na njaa.

FATMA: Hapo umesema. Lakini kijana, hicho kikubwa hakitakupa samaki wa kupaka wala mkate wa mofa. Hayo mpigie mamako simu, uandike.

SHEE: Na wewe Bi Fatma, daftari la nyanyako la mahamri utatuandikia lini?

FATMA: Liko. Limeandikwa "unga kibaba, tui mpaka likubali".

SHEE: Likubali! Umekaa hapa nusu saa unawasema watu wa vikombe. Kibaba cha nani?

FATMA: Cha nyanya. Kile kikopo cha bati.

SHEE: Kile kilichobonyea ubavuni?

FATMA: Kilibonyea kabla sijazaliwa, na mahamri yanaumuka.

SHEE: Tukipime unga wake. Gramu kamili, tuwasomee wasikilizaji wiki ijayo.

FATMA: Basi ndoo Alhamisi asubuhi na hiyo mizani yako. Na hamira ununue wewe, yangu imekufa.