Barafu iliyopita Katanga

ILUNGA: Ndugu wasikilizaji, karibuni tena. Tuko Lubumbashi, ni mwezi wa saba, baridi imetubana na dirisha tumelifunga, kwa hiyo mkisikia sauti zinagonga ukutani mtuvumilie. Yaya Kapinga, mtu wa miamba, ameweka jiwe mezani. Yaya, waeleze watu, maana hawalioni.

KAPINGA: Ni kipande cha karoti. Mashine ya sondeji ikitoboa mwamba, inatoa jiwe refu la mviringo. Hicho ndicho wenzetu wa mine wanachoita karoti. Hiki ni cha rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Sogea. Unaona hapa kokoto nyeupe? Pembeni yake kuna jiwe jekundu, pembe zake bado kali. Chini kidogo kuna vijiwe vyeusi, vidogo kuliko punje ya hindi. Vyote vimenasa ndani ya tope lililogeuka mwamba, na havigusani.

ILUNGA: Mimi ningesema mto ndio ulileta.

KAPINGA: Mto unachagua, Ilunga. Maji yakipungua nguvu yanatua mawe makubwa kwanza, halafu changarawe, halafu mchanga, na tope linakwenda kutulia mbali kabisa. Barafu haijui kuchagua. Inabeba jiwe la ukubwa wa nyumba pamoja na vumbi laini, ikiyeyuka inaviacha vyote hapo hapo. Mwamba huu wajiolojia wa Katanga wanauita Grand Conglomérat. Unene wake, kuna sehemu unafika mamia ya mita.

ILUNGA: Na ni wa lini?

KAPINGA: Kwenye miaka milioni 700 iliyopita. Wakati huo dunia iliingia baridi ya ajabu, barafu ikafika usawa wa bahari hata karibu na ikweta. Hakukuwa na mti wala mnyama wa kuishuhudia.

ILUNGA: Sasa mimi barafu naijua ile ya frigo, inakaa tu. Hiyo inatembeaje?

KAPINGA: Theluji inaanguka juu ya theluji, ya chini inakandamizwa inakuwa barafu ngumu. Unene ukipita mita 30 au 50 hivi, uzito wenyewe unaifanya iteleze na kutiririka, polepole sana. Piga hesabu: mita 100 za barafu ni karibu tani 90 juu ya kila mita moja ya mraba.

ILUNGA: Mama!

KAPINGA: Lakini barafu safi peke yake haiwezi mwamba mgumu. Inaanza kwa kung'oa. Maji ya chini yake yanaingia kwenye nyufa, yanaganda, na barafu ikisonga inaondoka na mapande. Hayo mapande yakishaganda kwenye tumbo lake, ndipo inakuwa msasa. Yanakwangua sakafu yanapopita, yanaacha mikwaruzo mirefu inayofuatana, na yenyewe yanasuguliwa hadi yanapata uso bapa. Unga unaotoka hapo ni laini kiasi kwamba ukiingia ziwani maji yanageuka kijani au meupemeupe.

ILUNGA: Hapo nimekumbuka milima ya Rwenzori. Kule upande wa Beni kuna Lac Vert.

KAPINGA: Na Lac Gris, na Lac Noir. Ukipandia Mutwanga, kibanda cha mwisho karibu na kilele kinaitwa Moraine. Moreni ndiyo hilo lundo la mawe na tope ambalo mto wa barafu unalisukuma mbele na kulipanga kandokando. Barafu ikirudi nyuma, lundo linabaki, mara nyingine linaziba bonde na maji yanajaa nyuma yake. Rwenzori ina mabonde mapana yenye kuta wima, sakafu bapa, yaliyochongwa na barafu iliyoshuka chini sana kuliko ya leo. Na leo imebaki kidogo. Luigi di Savoia, yule mpanda milima wa Italia, alipofika kilele cha Margherita mwaka 1906, mita 5,109, barafu ilikuwa kilomita za mraba kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufika hata kilomita moja ya mraba.

ILUNGA: Turudi kwenye karoti. Nasikia kuna wataalamu wanaokataa habari ya barafu, wanasema ni maporomoko ya chini ya bahari.

KAPINGA: Wapo, na hoja yao si ya kupuuza. Ardhi hapa ilikuwa inapasuka, kuna mashimo marefu ya bahari, na tope lenye mawe likiporomoka linafanana sana na la barafu. Mimi naona vyote viwili vilitokea: barafu ikaleta mzigo mpaka ukingoni, mzigo ukateleza. Ninachokitafuta ni tope la tabaka nyembamba lenye jiwe moja katikati, tabaka za chini yake zikiwa zimebonyea. Jiwe hilo lilidondoka kutoka juu. Na katikati ya bahari, ni nini kinachoelea na kubeba jiwe kama si barafu?

ILUNGA: Hapo umenishika. Na shaba?

KAPINGA: Shaba haikuletwa na barafu, hilo watu wanalichanganya. Kule kwenye mine ya Kamoa, karibu na Kolwezi, madini yako kwenye sakafu ya Grand Conglomérat. Maji moto ya chumvi yalipita kwenye mwamba wa mchanga wa chini yakiwa yameyeyusha shaba. Yalipokutana na lile tope la kijivu, lenye chuma na salfa, shaba ikanasa. Tope ni la zamani, shaba ilikuja baadaye.

ILUNGA: Msikilizaji wa Kalemie anauliza kama barafu ilipita na kwao.

KAPINGA: Ilipita, ila ni barafu nyingine, ya miaka milioni 300 hivi, wakati bara letu lilikuwa kusini zaidi, limeshikana na Amerika ya Kusini na Antaktika. Masalia yake yako kwenye miamba ya Lukuga. Akiokota huko jiwe lenye uso bapa na mistari ya kufuatana, asikimbilie kunipigia. Aulize kwanza kama tingatinga la barabara halikupita hapo.