Majina Yaliyomo Kwenye Simu Yako Si Dhamana ya Mkopo

Ndugu mwenyekiti, ndugu wanachama wa SACCOS,

Nimeombwa nizungumzie usumbufu wa wadai wa mikopo ya mtandaoni, nami nitaanza na mtu anayesahaulika sana katika jambo hili, yaani yule ambaye hakukopa. Yuko kazini, pengine msibani, na simu yake inapokea ujumbe kutoka namba asiyoijua: "Unamfahamu fulani? Amekuandika kuwa mdhamini wake. Mwambie alipe leo." Wakati mwingine huambatanishwa picha ya mdaiwa iliyoandikwa "TAPELI" kwa herufi nyekundu. Kisheria, udhamini ni mkataba, na mkataba haumfungi mtu asiyeridhia. Kwa hiyo aliyepokea ujumbe huo hadaiwi hata senti tano, na halazimiki kumtafuta mkopaji wala kumsema.

Namba yake ilipatikana siku programu ilipopakuliwa, mkopaji alipobonyeza "ruhusu" ili isome majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Simlaumu sana, kwa kuwa mtu anayetafuta ada ya mtoto usiku huo hasomi masharti. Lakini ruhusa hiyo haigeuzi majirani na wakwe kuwa dhamana. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na linalojulikana, na kumwaibisha mtu mbele ya ukoo wake sioni kama lengo la namna hiyo. Anayetendewa hivyo, awe mdaiwa au jirani, anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kabla ya kubishana na anayepiga, mwulize jina la kampuni na namba ya leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji asiyepokea amana huwa wa daraja la pili na anahitaji leseni ya Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Sisemi haya ili watu wakwepe madeni. Fedha uliyoichukua unadaiwa. Ninachoshauri ni kuacha malumbano ya simu na kuandika ujumbe mmoja wenye adabu, unaokiri kiasi unachokitambua, unaoomba mchanganuo wa mkopo, riba na tozo, unaopendekeza tarehe za kulipa, na unaowataka wasiwasiliane na mtu mwingine yeyote. Hifadhi majibu yao, matusi yakiwemo, pamoja na namba na saa zilizotumika, kwa sababu malalamiko bila ushahidi hayafiki mbali. Usilipe kwenye namba binafsi ya anayekupigia, hata akikuahidi kufuta adhabu, maana siku akiacha kazi kampuni itakudai upya.

Kuhusu vitisho vya polisi, deni la mkopo peke yake ni shauri la madai, si kosa la jinai. Mdai anayetaka kukamata mali yako aende mahakamani, apate hukumu, ndipo dalali wa mahakama aje na amri mkononi. Anayekuja na pikipiki na sauti kubwa tu, mwombe akuonyeshe amri hiyo, tena umwite mjumbe wa mtaa ashuhudie.