Jinsi ya Kufuga Vijiumbe vya Tope la Ziwa Magadi Ndani ya Mtungi

Karibuni, watazamaji. Leo tunatengeneza nguzo ya Winogradsky, yaani mtungi wa tope ambamo vijiumbe hukua na kujipanga kwa matabaka, mbinu aliyoianzisha mtaalamu wa vijiumbe Mrusi, Sergei Winogradsky, katika miaka ya 1880. Badala ya tope la bwawa tutatumia tope la Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, lenye chumvi nyingi na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya takribani 10, yaani alkali kali.

Kazi huanza na karatasi, si koleo: ombeni kibali cha kuchukua tope. Mkifika ziwani, vaeni glavu na miwani, kwa maana maji haya huchubua ngozi, na mwacheni mwenyeji atangulie, kwani gamba la magadi huweza kupasuka mkazama katika tope lililo chini yake.

Chimbeni ukingoni, mahali ambapo chini ya utando wa kijani pana tope jeusi. Weusi huo ni salfaidi ya chuma, yaani salfa iliyoungana na chuma, alama ya bakteria wanaoishi bila oksijeni kwa kupumua salfeti, yaani chumvi yenye salfa na oksijeni. Mmoja wao, Desulfonatronovibrio hydrogenovorans, alielezwa kisayansi mwaka 1997 baada ya kupatikana katika ziwa hili hili.

Changanyeni tope na vipande vya gazeti, ambavyo ndivyo chakula, kisha ongezeni kijiko kimoja cha chai cha salfeti ya sodiamu. Hapa ndipo wengi hukosea. Maelekezo ya kawaida hutaja jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, lakini kalsiamu yake hushikana na kabonati ya maji ya magadi na kuwa chokaa, hivyo kuyapunguzia maji ukali ambao vijiumbe hivi vinauhitaji.

Jazeni mtungi wa kioo hadi robo tatu, mkishindilia ili hewa itoke, kisha mimineni juu yake maji ya ziwa. Msitumie ya bomba, kwa kuwa seli zilizozoea chumvi nyingi huweza kupasuka ndani yake. Yakikosekana, yeyusheni chumvi na magadi yale yale ya kulainishia makande, hadi karatasi ya kupimia pH ioneshe 10. Funikeni bila kukaza, wekeni karibu na dirisha lisilopigwa na jua kali, na mtie alama usawa wa maji. Maji yakipungua, hapo sasa ongezeni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke yakawa hayana chumvi, maana chumvi haikuondoka na mvuke.

Baada ya wiki kadhaa tazameni matabaka: kijani juu, huenda wekundu wa zambarau katikati, na weusi chini. Msishangae harufu ya mayai viza ikiwa hafifu, kwani katika pH hii salfaidi hubaki imeyeyuka majini. Amonia ndiyo hutoroka. Kwa sababu hiyo hiyo, wakati wa kusafisha mtungi msitie kamwe siki wala ndimu, kwa kuwa asidi huigeuza salfaidi hiyo kuwa gesi yenye sumu.